Bi Suda Aliyenifundisha Ukalimani

Siku yangu ya kwanza kazini, mudiri, yaani mkuu wa ofisi ya wafanyakazi wa ndani huko Jeddah, alinikalisha pembeni ya meza yake. Mfanyakazi akija, nimweleze mkataba kwa Kiswahili, kisha atie sahihi. Wazee wangu walitoka Unguja, mimi nimezaliwa hapahapa Jeddah, mtaa wa Nuzha, na Kiarabu ni lugha yangu pia. Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Mimi nikiusema kwa pumzi moja. Kazi ya nyumba, miaka miwili, ikama, yaani kibali cha kuishi, atakutolea kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, tia sahihi hapa. Nilisifiwa kwa wepesi.

Baada ya miaka sita nikahamishiwa Riyadh, tawi la Sulimaniyah. Huko nikamkuta Bi Suda, mkalimani wa Wathai, Mwislamu wa kusini mwa nchi yao, aliyesoma Kiarabu madrasa. Kwao alikuwa mwalimu na mwandishi. Alitoa kitabu cha hadithi za wanawake wa viwandani, na kwa kuwatetea wanawake hao akafukuzwa shuleni. Mkataba mmoja ulimchukua saa nzima. Alisoma kila kifungu, akamtaka mfanyakazi akirudie kwa maneno yake. Siku za Ijumaa, wale waliopewa mapumziko aliwakusanya bustanini akawafundisha kusoma makaratasi yao. Nilimwona anajisumbua bure.

Asubuhi moja, miezi michache baadaye, akaja Rehema, mwanamke wa Mombasa, kutoka nyumba moja ya mtaa wa Malqa. Alikuwa amekonda na mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia. Miezi minane alihudumia nyumba ya madam na ya dada yake madam, bila siku ya kupumzika. Akanitazama sana.

"Dada, wewe ndiye uliyenisomea mkataba kule Jeddah. Mbona hili la nyumba mbili hukuniambia?"

Nikamtafsiria Bi Suda kwa Kiarabu. Kwa kweli kifungu cha nyumba wala cha mapumziko sikuwahi kukisoma.

Bi Suda alichukua mkataba wa Rehema, akausoma taratibu, akaniwekea kidole kwenye kifungu cha tisa: akinyimwa mapumziko, mfanyakazi anaweza kuuvunja. Mudiri wa Riyadh akatoka chumbani kwake. Akaniambia nimwambie Rehema arudi kazini, kifungu kama hicho mafi, hakipo, halas, basi.

Nikamgeukia Rehema. "Mudiri anataka nikwambie hakipo. Kipo. Sikiliza nikusomee."

Nikamsomea mpaka mwisho. Rehema akakataa kurudi Malqa, na baada ya wiki tatu akasafiri kwao.

Mudiri hakujua Kiswahili. Alimkuta Bi Suda na mkataba mkononi, akaamini ndiye aliyemchochea Rehema, akamwachisha kazi. Nilitaka kwenda kusema kweli, Bi Suda akanishika mkono mlangoni.

"Mimi wamekwishanichoka. Wewe ukibaki, watu wako watakuwa na wa kuwasomea."

Nikabaki. Nilirudishwa Jeddah, na kwa miaka yote iliyofuata sikuruka kifungu hata kimoja. Mamudiri walinung'unika, nami nikaendelea kusoma. Bi Suda alifungua darasa la watu wazima kwao, akaandika tena.

Sasa nimestaafu. Mikataba siku hizi iko kwenye simu, na vijana wanaikubali kwa kidole bila kuifungua. Watu husema nilikuwa mkalimani jasiri. Sijui. Yule mudiri ameshafariki, na sikuwahi kumwambia ni nani aliyemsomea Rehema. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.