Tuzo ya Lugha Nyingi

Thacienne ni mtoto wa jirani yangu Libérate, hapa Mwamkulu. Kirundi alikipata kwa mama yake. Kisukuma alikipata kwenye majaruba ya mpunga, akicheza na watoto wa mzee Nkwabi, na siku hizi anawatania wazee kwa Kisukuma mpaka wanashika mbavu. Kiswahili na Kiingereza anasoma kama wenzake wa kidato cha nne.

Shuleni kwao yupo Mwalimu Sylvanus wa taaluma. Bwana huyu ni Mfipa, ila Kifipa amekisahau kwa makusudi. Humtoka akijikwaa tu. Mwaka huu akaja na tuzo ya mwanafunzi anayejua lugha zaidi ya moja. Thacienne akaenda kuomba ashindanishwe.

"Nimesema lugha, binti," mwalimu akamwambia. "Hizo zenu ni za nyumbani."

Tatizo ni kwamba Libérate alishasikia habari ya tuzo, na mtaa mzima alishautangazia. Alishonesha hata kitenge. Thacienne alikosa moyo wa kumwambia.

Siku ya wazazi tulikaa chini ya turubai, Wasukuma upande wao, sisi Warundi huku. Kama kawaida, mwalimu alimwita Thacienne mbele atafsiri, maana wazazi wengi Kiswahili chao kinaishia sokoni. Akatafsiri michango ya mahindi, akatafsiri utoro, akatafsiri hotuba ya mgeni rasmi, mara Kirundi, mara Kisukuma, jasho likimtoka. Kisha tuzo akapewa Edgar, mtoto wa bosi mmoja wa mjini, anayeweza kutaja jina na umri wake kwa Kifaransa. Ukimuuliza la tatu anaomba maji.

Roho iliniuma. Libérate akasimama, akauliza kwa Kirundi mbona mwanawe hajaitwa.

"Mama anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Anauliza kwa nini sijaitwa."

Mwalimu akatabasamu kwa ajili ya mgeni rasmi. "Mweleze mama kwamba tuzo hii ni ya wanaojua lugha zaidi ya moja. Na wewe ujitahidi mwakani."

Mwakani, na mtoto anamaliza mwaka huu.

Thacienne akamtazama mama yake. Kisha akayasema maneno yale kwa Kirundi, bila kupunguza neno. Upande wa pili mzee Nkwabi akapaza sauti kutaka kujua kinachoendelea. Thacienne akawageukia, akayarudia kwa Kisukuma.

Mzee Nkwabi ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikapita safu hadi safu, wamama wakajifuta machozi kwa khanga. Mgeni rasmi akainama kwa Mwalimu Sylvanus.

"Wanacheka nini?"

Mwalimu hakujua. Akageuka amuulize mkalimani wake, lakini Thacienne alishaondoka pale mbele. Libérate, ambaye hakucheka hata kidogo, alikuwa anamsogezea nafasi kwenye benchi.