Siku Nilipomvua Baba Mdogo Miwani

Mimi ndiye yule mwanamke aliyemvua baba yake mdogo miwani mbele ya kijiji kizima. Maneno mmeyasikia huko nje. Sasa nisikieni mwenyewe.

Naitwa Asenath. Nashona nguo Garsen, lakini kwetu ni kijiji cha Wema. Nilipofikisha miaka arobaini na mitatu, uzi ukaanza kukataa kuingia kwenye sindano. Nikapimwa macho, nikachagua fremu nyekundu.

Kwani mtu akiwa na shida ya macho ni lazima avae kama yuko matangani?

Watu wa Wema wakanicheka. "Asenath na mapozi yake!" Hata mama aliniomba niivue kanisani. Nikakataa katakata.

Basi mwaka huu kampuni moja ikaleta karatasi kuhusu mashamba yetu ya kando ya mto. Tukaitwa shuleni. Shamba la mama lilikuwa humo, lile lililotulisha baba alipofariki.

Baba mdogo Philemon, katibu wa kijiji, akasimama kusoma. Kwetu miwani ni cheo. Zamani mpiga picha wa Garsen alikuwa na miwani moja ya kuazimisha wateja, ndiyo maana ukutani mababu zetu wote wanaonekana walimu. Baba mdogo alipewa ukatibu kwa ajili ya ile yake nyeusi, nzito.

"Wanatuletea pampu," akasoma. "Mashamba yanabaki yetu. Tieni sahihi."

Nikainuka. "Baba mdogo, naomba niisome kwanza."

"Na hiyo miwani ya urembo? Kaa chini!"

Watu wakaangua kicheko. Wee! Damu ilinichemka. Nikaenda mpaka mbele.

"Kama yangu ni ya urembo, nitasoma kwa yako."

Nikamvua. Mama akajifunika uso kwa leso.

Nikavua yangu, nikavaa yake. Herufi zikawa ukungu mtupu. Vilikuwa vioo vya kawaida, kama vya dirisha.

"Baba mdogo, hii haina kitu!"

Baba mdogo akaishusha karatasi.

"Sioni herufi mwaka wa sita huu," akasema. "Wakala wa kampuni ndiye aliyenisomea. Niliogopa mtanivua ukatibu."

Ningeweza kusoma mwenyewe. Lakini nilikuwa na hasira, nikampa yangu.

"Vaa. Soma."

Fremu nyekundu juu ya ndevu nyeupe. Mtu akacheka nyuma, nikamgeukia, akanyamaza.

Baba mdogo akasoma polepole. "Mkulima... atahama... kwa miaka thelathini na mitatu."

Akarudia mstari ule. Halafu akalia, mzee wa watu, mbele yetu sote.

"Mungu wangu, ningewauza," akasema. Akaikunja karatasi. "Hatii mtu sahihi hapa."

Hakuna aliyetia.

Funzo? Msimpe mtu heshima kwa kinachokaa puani, wala msimnyime kwa hicho hicho.

Na nyinyi mnaosema sina adabu, njooni Wema. Mtamkuta mama shambani kwake, anapanda mpunga.