Madini Kwenye Ganda la Kirusi

Wifi yangu hajui kutulia. Hata chai huinywa amesimama, jicho dirishani, funguo za maabara mkononi. Kaka yangu alipomwoa nilimwonya kwamba anaoa upepo, akacheka. Sasa yuko safarini kikazi, na upepo ameniachia mimi.

Kazi yake ni kuchunguza virusi, hasa ganda lao la nje. Hunieleza huku nikishona, nami nimeelewa hivi: juu ya ganda hilo kuna protini, na protini ni uzi mrefu uliojikunja. Kwenye mkunjo mmoja yeye na mwalimu wake waliona chembe ya madini imeushikilia uzi usifumuke, kama kifungo kwenye shati. Wakasema ni zinki. Wakakisia kwamba ukiing'oa, ganda litalegea na kirusi kitakosa njia ya kuingia mwilini. Mwalimu, mzee wa watu aliyekaribia kustaafu, alifurahi mpaka akawatangazia wenzake. Ripoti ikawa tayari kwenda kuchapishwa.

Ndipo wifi akaanza kuhangaika. Ili kuisafisha protini, huipitisha kwenye mrija uliojaa punje zenye nikeli, madini mengine; protini inanasa kwenye nikeli, uchafu unapita. Je, kama nikeli kidogo iliondoka na ile protini, ikaenda kukaa palepale kwenye mkunjo? Kwenye picha zao, zinki na nikeli ni mapacha. Mrija wenyewe wameuzoea mno hata hakuna aliyeufikiria.

Alimweleza mwalimu. Akajibiwa kwa upole kwamba anajitafutia homa bure, apeleke ripoti. Hakupeleka. Alirudia kazi yote bila nikeli, na sampuli ya zamani akaipeleka kwenye mashine inayotambua aina ya madini. Siku hizo nyumba haikukalika. Alifagia chumba nilichokwisha kufagia, akakunja vitambaa nilivyotandaza nivikate. Nilimwambia aketi, la sivyo nitamshonea kwenye kiti. Aliketi, akainuka. Nilimhurumia sana, maana mkataba wake ulikuwa unakwisha na ripoti ile ndiyo ingempa ajira ya kudumu.

Majibu yalimfikia asubuhi kwenye simu, mimi nikitunga uzi kwenye sindano. Akasoma, akarudia. Yale madini yalikuwa nikeli, na protini iliyosafishwa bila mrija ule ilikuwa na mkunjo mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akampigia mwalimu, simu akaiweka mezani na kufungulia sauti. Alimwamkia kwanza, adabu haikumtoka.

"Mwalimu, yale madini tumeyatia wenyewe. Kirusi hakina."

Mzee akakohoa. "Nani mwingine anajua?"

Wifi akanitazama. Kusema kweli, pamoja na maelezo yote yale, ningewekewa nikeli mbele yangu nisingeitambua.

"Wifi yangu anajua," akasema. "Yupo hapa, anasikia."

Nikaacha kushona.

"Haya," mwalimu akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Basi na wengine waambiwe. Nitaanza mimi, maana ndimi niliyewatangazia."