Bunge la Chumba Chetu Lilivyojadili Bahari

Ijumaa ndiyo siku yetu ya kupumzika, sisi madada wa kazi tuliokodi chumba kimoja huku Bawshar, Maskati. Chumba kimoja, watu saba, na kila mtu ana lake. Ugomvi ulivyozidi, dada mkubwa wa Tanga akasema basi, tufanye kama bungeni. Spika akawa yeye, na taulo kichwani. Ukitaka kusema unasimama, unaanza na "Mheshimiwa Spika." Ukiunga mkono hoja unagonga meza. Meza hatuna, tunagonga masufuria.

Ijumaa hiyo mleta hoja nilikuwa mimi. Mwenzetu wa Mbeya alikuwa anaondoka kesho yake, anarudi nyumbani moja kwa moja, na miaka yote hiyo Maskati hajawahi kutia mguu baharini. Bahari alikuwa anaionea kwenye dirisha la gari la bosi, kapakata mtoto wa watu. Nikaomba twende ufukweni Qantab, wote, sasa hivi.

"Mheshimiwa Spika, napinga!" Huyo dada wa Mwanza, kiongozi wetu wa upinzani, nywele kasukwa nusu. "Wiki nzima nimesimama. Leo mgongo wangu uko likizo. Na jua lenyewe hili? Tutarudi mishkaki!"

Wengine wakaguna, "Kweli bwana." Nikaona hoja yangu inakata roho. Wa Mbeya yuko kwenye sanduku lake, anakunja gauni, analikunjua, analikunja tena.

Nikasimama.

"Mheshimiwa Spika, huyu akifika kwao majirani watajaa. Watamuuliza, haya, bahari ya Maskati ikoje? Atasema, jamani bahari siijui, ila niulizeni vyoo! Vyoo nawatajia nyumba kwa nyumba!"

Chumba kikalipuka. Wa Mwanza alicheka mpaka pumzi zikamkata, mkono wenyewe ukaenda kwenye sufuria. Pa! Pa! Pa!

Spika akaruka juu. "Upinzani umegonga! Hoja imepita!"

"Taarifa, Mheshimiwa! Nilikuwa nacheka tu mie, hoja sijaigonga!"

"Kaa chini. Hapana, usikae. Vaa abaya twende."

Akatoka na kichwa upande umesukwa, upande umesimama wima, ananitukana mpaka ndani ya teksi huku machozi ya kicheko yanamtoka.

Qantab tukakuta maboti yamevutwa mchangani, wenyewe wavuvi wamekwenda kulala. Wa Mbeya hakumsubiri mtu. Akavua ndala akaingia na abaya yake hivyo hivyo, kajikaza mabega kama anaenda kuoga mtoni kwao alfajiri ya baridi. Halafu tukasikia ukelele.

"Jamani, ya moto! Maji ya moto haya! Nani kayachemsha?"

Akakaa chini humo humo, maji kifuani, anayapiga kwa viganja kama mtoto kwenye beseni.

"We mwanamke!" Spika anapiga kelele toka ufukweni. "Kesho unasafiri! Abaya hiyo itakauka saa ngapi?"

"Isikauke!" akajibu, akasogea mbele kidogo, maji yakamfika shingoni.