Jino la Mkalimani

Mkalimani wa zamani wa boma letu hapa Sumbawanga amefariki kwa kichomi, na juma hili tumemzika kwao Chala. Wengi mnamkumbuka kwa jino lake la mbele. Lilitoboka, akaenda kwa daktari wa meno aliyekuwa akipita safarini, Mzungu mwenye haraka, naye akaliziba kwa ule unga unaokorogwa ukaganda. Basi daktari alilikausha jino kwa pamba kwanza, ndipo akachagua rangi. Jino likikauka hupauka. Mate yaliporudi, jino likawa la manjano kama yetu sote tunaovuta tumbaku, na kiraka kikabaki cheupe pee.

Tungecheka yakaisha, lakini mwaka ule boma liliamuru tuache ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ya kufukia majani, tulime matuta marefu. Marehemu ndiye aliyetafsiri maneno ya Bwana DC barazani. Watu wakamkazia macho mdomoni, wakasema jino lile la Mzungu ndilo linalosema. Mzee wa Chala aliyekuwa amekubali kumwoza binti yake akarudisha posa. Maskini mkalimani, alikonda. Daktari alipopita tena, mkalimani akamsihi achague rangi jino likiwa bado na mate. Kiraka kikachongwa, kikawekwa kingine chenye umanjano kidogo, na kwa kweli kilipendeza, hata juani usingekiona. Tukaenda naye Chala kwa mzee yule, mimi nikiwa karani wa boma, yeye akitabasamu njia nzima. Akasema shikamoo baba, akaitikiwa marahaba. Kisha mzee akamchungulia kinywani.

“Mwanangu, kwanza nilijua lipi ni lao. Sasa sijui hata moja.”

Tulirudi bomani. Aliomba kuacha kazi, Bwana DC akakataa, eti mkalimani mwingine atamtoa wapi. Akakwama hapo hadi uzee, hana mke, nyumbani haaminiwi, bomani haachiliwi. Nilimwonea uchungu sana.

Juzi makaburini mzee yule yule, sasa anatembelea fimbo, aliniuliza kama marehemu alikuwa akitafsiri sawasawa. Nikamwambia ndiyo baba, neno kwa neno, Kiingereza nakijua na barazani nilikuwepo.

“Na wewe karani,” akasema taratibu, “nani atakushuhudia?”

Hasira bado ninayo. Mwenye amri, Bwana DC, alikuwa ameketi kitini mbele yetu siku ile ya baraza, na hakuna aliyemwuliza lolote. Tulimshika aliyekuwa karibu, kwa kuwa alikuwa wetu.