Ngazi Iliyoegemezwa Ukutani

Kwa miaka ishirini na mbili fundi rangi mmoja alipanda ngazi kama wengine wanavyopanda kitandani. Wenzake walimwita Kinyonga, si kwa mwendo wake, bali kwa sababu kila jioni alirudi nyumbani na rangi nyingine. Siku aliyoanguka alikuwa anamalizia dari ya ukumbi mpya. Msimamizi alikuwa ameagiza vigae vifunikwe kwa nailoni visichafuke, na ngazi ikasimamishwa juu ya nailoni hiyohiyo. Ikateleza. Nyonga ikavunjika.

Mwezi wa pili wa kulala chali, binti yake wa kidato cha tatu alikuwa mezani akifanya kazi ya fizikia, hatua mbili kutoka kitandani. Baba akageuza shingo, sehemu pekee iliyogeuka bila maumivu, akauona mchoro: mstari wima, mwingine umeuegemea, na mishale huku na huku.

"Hiyo si ngazi, mwanangu?"

Binti akafunika daftari kwa kiganja. "Ni ngazi, baba. Tunachora nguvu zote zinazoigusa."

"Hebu nione."

Akamsogezea, akieleza. Mshale wa kwenda chini ni uzito. Sakafu inasukuma juu, ukuta unasukuma kando. Na huu mdogo, kwenye mguu wa ngazi, ni msuguano. Ndio unaoizuia isiteleze.

"Na chini kukiwa na nailoni?"

Binti akachukua kifutio, akaupunguza ule mshale mdogo mpaka ukabaki kama ukucha.

"Na fundi aliyeko juu, unamchora wapi?"

"Anaingia kwenye uzito, baba."

"Uzoefu wake je?"

"Uzoefu hauna mshale."

Alilisema polepole, halafu akaangua kilio.

"Basi, mama, basi," baba akasema.

Asubuhi akamwomba binti auchore mchoro upya kwenye karatasi safi, nailoni ionekane. Mkewe akaupeleka kwa msimamizi, ambaye kwenye ripoti ya ajali alikuwa ameandika kwamba fundi alizembea. Msimamizi akaigeuzageuza karatasi.

"Shemeji, hii ni kazi ya shule. Mpelekee mwalimu, atampa mtoto vema."

Mke akarudi nayo imekunjwa mara nne.

"Amesemaje?" mgonjwa akauliza.

"Amesema mtoto anachora vizuri."

"Hilo si uongo."

"Mwenye nguvu mpishe, mume wangu. Tufanyeje?"

Aliomba tu asogezewe mto.

Mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na ngazi hakupanda tena. Siku hizi mafundi wakimhurumia humwita apake sehemu ya chini ya kuta. Hupaka mpaka mkono unapoishia, halafu hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akiwatazama wengine wakimalizia juu.