Somo la Kwetu Lililonishinda

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya ubao, mimi mwalimu!

Tuko kwenye kozi ya walimu wa historia hapa mjini. Kila mmoja anawafundisha wenzake somo la mfano.

Mie nlijitayarisha na wafalme wa Uingereza. Nawajua wote kwa mpango, mpaka huyu Malkia mpya aliyetawazwa mwaka huu wa 1953.

Sijafika mbali, mkufunzi akanikatiza.

"Bi Zuwena, kwenu wapi?"

"Kizimkazi, maalim."

"Basi tufundishe habari za Kizimkazi."

Nkaandika "Msikiti". Chaki ikasita hapo hapo.

Ule msikiti wa kale nimeuona tangu utoto wangu, na sina la kusema!

Darasa zima wananitazama.

Nkasema, "Nipe mpaka kesho, maalim. Ntakwenda kumuuliza bibi yangu."

Neno lishanitoka, ndipo nkakumbuka. Bibi tulimzika mwaka jana.

Na alivyokuwa akiniita, wallahi! "Zuwena, njoo nikuhadithie waliojenga msikiti wetu."

Nami namjibu, "Niache bibi, nasoma historia."

Nani kati yenu bado ana bibi yake? Niazimeni, jioni moja tu.